NDOANA ZA NZI WA MWAVULI: Namna ya Kuzichagua

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maneno hayo ni ya kweli shambani, kwa maana mtu mvivu hupitisha asubuhi nzima akipima mipini, na huku wenziwe wamekwisha kulima ngwe zao. Lakini iko kazi moja katika Kenya ambayo ndani yake methali hiyo haina nguvu, nayo ni kazi ya kufunga nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Katika kazi hii mtu asiyechagua ndoana yake kwa uangalifu, hata akiwa na vidole vyepesi namna gani, atafunga nzi wanaopendeza mezani, lakini wakifika mtoni watazama, au watalala ubavu, au watamwachia samaki aende zake.

Hasara yake si ndogo. Kwa miaka mingi nzi waliofungwa kwa mikono ya mafundi wa Kenya, wanaume kwa wanawake, wameuzwa Ulaya na Marekani. Mafundi wengi hulipwa kwa hesabu ya dazeni walizomaliza. Dazeni ikikataliwa kwa ajili ya ndoana isiyofaa, uzi umekwisha kutumika, manyoya yamekwisha kukatwa, na saa zimekwisha kupita. Kwa hiyo yafaa kila afanyaye kazi hii ajue ni kwa sababu gani ndoana fulani hufaa, na nyingine ifananayo nayo haifai. Maelezo haya ni ya nzi wa aina moja, aitwaye nzi mkavu wa mwavuli, anayependwa sana na wavuvi wa nchi nyingi.

SAMAKI NA CHAKULA CHAKE

Samaki anayetafutwa hapa ni trauti. Yeye si mwenyeji wa mito ya Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, unaotelemka kutoka milima ya Aberdare, iitwayo pia Nyandarua. Baadaye aliletwa trauti wa upinde wa mvua, na mwaka 1948 kituo cha kuzalisha trauti kilijengwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Leo samaki hao wamo katika mito kadha wa kadha ya maji baridi itokayo Nyandarua na Mlima Kenya.

Trauti hupenda kukaa nyuma ya jiwe, kichwa chake kikielekea huko maji yatokako, akingoja mkondo umletee chakula. Chakula hicho mara nyingi ni wadudu. Wako wadudu wa mtoni wenye mabawa yasimamayo kama tanga la mashua. Wako wengine ambao mabawa yao huinama kama paa la nyumba. Tena wako wadudu wa nchi kavu waangukao majini kwa bahati mbaya, kama panzi, na kumbikumbi baada ya mvua.

Mvuvi hawezi kumtunga mdudu wa namna hiyo katika ndoana, maana ni mdogo mno na laini mno. Basi huigiza umbo lake kwa uzi, manyoya ya wanyama na manyoya ya kuku. Huyo ndiye nzi wa bandia. Akifanywa azame huitwa nzi wa maji. Akifanywa aelee huitwa nzi mkavu.

MWAVULI NA MLINGOTI

Katika nzi mkavu wa kawaida, unyoya wa shingo ya jogoo huzungushwa juu ya shina la ndoana, hata nyuzi zake zikasimama pande zote kama miiba ya nungunungu. Nzi huyo hukaa juu ya maji kwa ncha za nyuzi hizo, na kiwiliwili chake huinuka.

Nzi wa mwavuli hufungwa kwa njia nyingine. Kwanza fundi husimamisha juu ya shina mlingoti mdogo wa manyoya, ambayo mara nyingi ni meupe. Kisha huuzungushia unyoya wa jogoo mlingoti huo, wala si shina. Nyuzi za unyoya hulala sawasawa na uso wa maji, kama mbavu za mwavuli uliofunguliwa. Faida zake ni tatu. Nzi huanguka polepole na kwa miguu yake. Kiwiliwili chake hulala ndani ya ngozi ya maji kama mdudu wa kweli anayetoka majini. Na mvuvi aweza kuuona mlingoti mweupe kutoka mbali, hata jua linapokuchwa.

Hapo mwanzo mlingoti uliweza kuwa sehemu ya ndoana yenyewe. Mwaka 1934 William Brush, mtu wa Detroit katika Marekani, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa nzi aliyefungwa juu ya ndoana yenye kijiti kilichosimama juu ya shina. Katika miaka hiyo ya 1930 nzi wa mwavuli waliuzwa Scotland pia. Baadaye mafundi waliona ya kuwa shungi la manyoya ya mkia wa ndama, likifungwa imara kwa uzi, latosha kuwa mlingoti, wala haihitajiwi ndoana ya pekee. Tangu hapo kazi ya kuchagua imemwangukia fundi mwenyewe: katika ndoana nyingi zilizoko madukani, ni ipi itakayomfaa nzi huyu?

Kulijibu swali hilo, na tukumbushwe jambo ambalo mabaharia wa pwani wanalijua sana. Chombo kisicho na farumi hupinduka, na chombo chenye farumi kupita kiasi huzama. Ndoana ndiyo farumi ya nzi wa mwavuli. Mlingoti na unyoya viko juu, chuma kiko chini, na uzito wa chuma ndio umfanyao nzi aanguke mlingoti ukitazama mbinguni. Lakini ndoana ina kazi ya pili, nayo ni kumshika samaki na kutomwachia. Kazi ya kwanza yataka chuma kiwe chepesi. Kazi ya pili yataka kiwe na nguvu. Kuchagua ndoana ni kupatanisha mambo hayo mawili.

SEHEMU ZA NDOANA

Ndoana ya nzi ina sehemu sita. Tundu ndipo mshipi unapofungwa. Shina ni ile sehemu iliyonyoka, ambayo juu yake nzi hufungwa. Tao ni pale chuma kinapopinda. Ncha ndiyo ichomayo. Kijino ni ule mkato mdogo nyuma ya ncha uzuiao ndoana isichomoke. Mwisho ni mwanya, yaani nafasi iliyo kati ya ncha na shina. Mwanya si chuma, bali ni uwazi mtupu. Hata hivyo ndio uingiao mdomo wa samaki, na kwa hiyo ni sehemu kama sehemu nyingine.

MAANA YA NAMBA

Ndoana huuzwa kwa namba. Asiyezoea hudhani ya kuwa namba kubwa ni ndoana kubwa, na sivyo. Ndoana ya namba 10 ni kubwa kuliko ya namba 12, na ya 12 ni kubwa kuliko ya 14. Kwa ndoana za nzi, namba zitumikazo zaidi ni namba shufwa. Hesabu hii huitwa kwa jina la mji wa Redditch katika Uingereza, mji uliosifika sana zamani kwa sindano na ndoana zake.

Nzi wengi wa mwavuli hufungwa kwa namba 12 mpaka 18. Namba 10, na nyingine zilizo kubwa kuliko hiyo, ni za wadudu wakubwa kama panzi. Namba 20 na 22 ni za wadudu wadogo kabisa, na kazi yake yataka macho mazuri na taa njema.

Pamoja na namba, pakiti huwa na alama ya X. Alama hiyo huonyesha hatua za kutoka katika kawaida. Ndoana ikiandikwa kuwa ni ndefu kwa 1X, maana yake shina lake ni refu kuliko la kawaida kwa hatua moja, ingawa mwanya wake ni ule ule wa namba yake. Ikiandikwa kuwa waya wake ni mwembamba kwa 1X, maana yake chuma chake ni chembamba kuliko cha kawaida kwa hatua moja.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Watengenezaji wa ndoana hawafuati kipimo kimoja. Namba 14 ya kampuni moja yaweza kuwa na shina refu kuliko namba 14 ya kampuni nyingine, au mwanya mpana zaidi. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Fundi mwangalifu hulaza ndoana mpya juu ya ndoana ya mfano, tundu kwa tundu, akatazama kama shina, tao na mwanya vinalingana.

UNENE WA WAYA

Jambo la kwanza la kuangalia ni unene wa waya. Nzi mkavu hutaka waya mwembamba, ili ngozi ya maji iweze kumchukua. Tofauti ndogo ya unene huleta tofauti kubwa ya uzito. Waya ukiongezwa unene kwa sehemu 10 katika 100, na urefu ukabaki ule ule, uzito wake huongezeka kwa sehemu 21 katika 100. Jicho haliwezi kuona ongezeko hilo la unene kwa urahisi, lakini maji hulijua mara moja.

Lakini liko na jambo la upande wa pili. Ongezeko lile lile la unene huongeza nguvu ya waya ya kustahimili kupindwa kwa sehemu 33 katika 100, yaani karibu theluthi moja, ikiwa chuma ni kimoja. Basi apunguzaye waya ili nzi aelee vizuri hupoteza nguvu upesi kuliko anavyopoteza uzito. Ndiyo sababu ndoana nyembamba mno hunyoka samaki mkubwa anapogeuka na kukimbia na mkondo.

Nzi wa mwavuli humsaidia fundi hapa. Nyuzi za unyoya wake zimelala juu ya maji kwa urefu wake wote, wala hazisimami kwa ncha tu. Kwa hiyo humchukua nzi vizuri. Tena kiwiliwili chake hakitakiwi kuinuka juu ya maji. Kwa sababu hizo nzi wa mwavuli huweza kustahimili ndoana yenye nguvu kidogo kuliko ile ya nzi mkavu aliye mwepesi kabisa. Kwa mito yenye maji ya kasi na mawe mengi, ndoana ya nzi mkavu yenye waya mwembamba wa kiasi hufaa zaidi kuliko ile iliyo nyembamba kupita zote. Ile nyembamba kupita zote yafaa kuwekwa kwa maji yaliyotulia na samaki wadogo.

Mfano mmoja ujulikanao sana ni ndoana ya Mustad, kampuni ya Norway, yenye namba 94840 katika orodha yake. Waya wake ni mwembamba, tundu lake limeinama chini, na rangi yake ni ya shaba iliyoiva. Kwa miaka mingi mafundi wengi wameitumia kama kipimo cha ndoana ya nzi mkavu. Anayeijua hiyo aweza kuishika ndoana nyingine mkononi na kusema ni nene kuliko hiyo, au ni ndefu kuliko hiyo.

UREFU WA SHINA

Nzi wa mwavuli hutaka nafasi juu ya shina. Mlingoti husimamishwa nyuma ya tundu, kwa umbali wa kadiri ya robo mpaka theluthi ya shina. Nyuma yake hukaa kiwiliwili na mkia. Mbele yake hukaa kifua na kichwa. Na kati ya kichwa na tundu sharti ibaki nafasi ya fundo la mwisho. Shina likiwa fupi, vitu hivyo vyote husongamana. Uzi hulifunika tundu, na mvuvi akitaka kufunga mshipi wake hana pa kuupitisha. Nzi wa namna hiyo hana faida, hata akiwa mzuri.

Kwa wadudu wenye mabawa kama tanga, shina la kawaida latosha, au lile refu kwa 1X. Anayejifunza na aanze na refu kidogo, kwa maana nafasi humsamehe makosa yake. Kwa panzi, ambaye mwili wake ni mrefu, shina refu kwa 2X hufaa. Lakini refu likizidi, uzito huenda nyuma, mkia huzama, na nzi huelea kama mashua iliyopakiwa shehena yote tezini.

MWANYA NA TUNDU

Katika nzi mkavu wa kawaida, nyuzi nyingine za unyoya hushuka chini na kuizunguka ncha. Katika nzi wa mwavuli unyoya wote uko juu, na chini pamebaki wazi. Hiyo ni faida kubwa, maana ndoana hupata kuchoma bila kuzuiwa. Fundi asiipoteze faida hiyo kwa kunenepesha kiwiliwili. Manyoya laini ya sungura yakisokotwa kwa wingi juu ya uzi, huujaza mwanya, na samaki humtema nzi kabla ncha haijamgusa.

Kadiri ndoana inavyokuwa ndogo ndivyo mwanya unavyokuwa na thamani. Kwa namba 18 na zile ndogo kuliko hiyo, yafaa kuchagua ndoana ambayo mwanya wake ulifanywa mpana kwa makusudi. Kwa sababu hiyo hiyo litazamwe tundu. Yako matundu yaliyoinama chini, na yako yaliyonyoka sawasawa na shina. Kwa ndoana kubwa na za kiasi, lililoinama halina dhara. Kwa ndoana ndogo, tundu lililoinama hula sehemu ya mwanya, na lililonyoka huuacha wazi.

Lolote litakalochaguliwa, tundu na lifungwe barabara. Mahali ambapo waya umekunjwa na kurudi kwenye shina pasionekane ufa. Ufa ukiwapo, mshipi mwembamba utapenya au utakatwa kidogo kidogo, na mvuvi atapoteza nzi na samaki pamoja.

TAO LA MVIRINGO NA SHINA LILILOPINDA

Ndoana nyingi za nzi mkavu zina shina lililonyoka na tao la mviringo. Hizo humlaza nzi juu ya maji kwa usawa, na ndizo za nzi wa mwavuli wa kawaida. Mmoja aliye maarufu kuliko wengi huitwa Parachute Adams. Nzi Adams wa asili alifungwa mwaka 1922 na Leonard Halladay katika jimbo la Michigan, Marekani, lakini hakuwa na mwavuli. Mafundi wa baadaye ndio waliomgeuza hivyo.

Iko namna nyingine ya ndoana, ambayo shina lake limepinda kuanzia nyuma ya kichwa. Katika miaka ya 1980 Mholanzi Hans van Klinken alimbuni nzi aitwaye Klinkhåmer Special, alipokuwa akivua katika Norway samaki walio jamaa ya trauti. Nzi huyo huning'inia katika mwavuli wake kama mtu aliyejitupa kutoka eropleni: unyoya uko juu ya maji, na kiwiliwili kimezama chini kwa mteremko. Huigiza mdudu anayejaribu kutoka majini lakini hajafaulu, na trauti humpenda mdudu wa namna hiyo kwa kuwa hawezi kuruka.

Ndoana hizi mbili haziwezi kubadilishana. Nzi wa Klinkhåmer akifungwa juu ya shina lililonyoka hatazamisha kiwiliwili chake, na nzi wa kawaida akifungwa juu ya shina lililopinda hatalala sawa. Mnunuzi aliyeagiza namna moja akapelekewa nyingine ana haki ya kuirudisha.

NCHA NA KIJINO

Ncha kali huingia kwa nguvu kidogo. Hilo ni jambo kubwa kwa nzi mkavu, maana mshipi wake ni mwembamba na hauwezi kuvutwa kwa nguvu. Kijino na kiwe kidogo. Kijino kikubwa huonekana kama kina nguvu, lakini mahali kilipokatwa waya umepungua, na pale ndipo unapovunjika mara nyingi.

Siku hizi wavuvi wengi hutaka ndoana zisizo na kijino kabisa, kwa sababu humrudisha samaki mtoni akiwa hai. Katika maji mengi ya nchi za nje sheria yenyewe huagiza hivyo. Ndoana isiyo na kijino huingia upesi na hutoka upesi, na samaki hapati jeraha kubwa. Ikiwa agizo ni la nzi wasio na kijino, ni afadhali kununua ndoana zilizotengenezwa hivyo kuliko kubana vijino kwa koleo, kwa maana katika kubana ncha huweza kuvunjika. Lakini ikiwa hapana budi kubana, kubanwe kabla ya kufunga. Ncha ikivunjika mwanzo, hasara ni ndoana moja tu. Ikivunjika mwisho, hasara ni kazi nzima.

NAMNA YA KUZIJARIBU

Pakiti mpya isitumiwe kabla ya kujaribiwa. Majaribio yenyewe ni mepesi, na huchukua dakika chache.

1. Ncha iburutwe polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikishika, ni kali. Ikiteleza, ni butu.

2. Tundu litazamwe mbele ya mwanga. Mwanga ukipenya pale waya ulipokutana na shina, ndoana hiyo iwekwe kando.

3. Tao libanwe katika jiliwa, kisha shina lisukumwe chini kidogo kwa kidole karibu na tundu, na kuachwa. Chuma kizuri hurudi mahali pake. Kikibaki kimepinda, ni laini na kitanyoka mtoni. Kikikatika, ni kigumu kupita kiasi. Ndoana chache za pakiti moja zikishindwa hivyo, pakiti yote irudishwe dukani.

4. Afungwe nzi mmoja, kisha aangushwe kutoka urefu wa mkono mmoja ndani ya beseni la maji, mara kumi. Mlingoti ukisimama kila mara, ndoana na unyoya vimepatana. Akilala ubavu mara kwa mara, huenda mlingoti ni mrefu mno au ndoana ni nyepesi mno. Akizama kwa mkia, ndoana ni nzito au ndefu mno, au unyoya ni haba.

Ndoana zihifadhiwe mahali pakavu, kila namba katika kisanduku chake na jina la kampuni limeandikwa juu. Jasho la mikono huleta kutu, na kutu ndogo iliyo chini ya uzi haionekani mpaka siku shina litakapokatika. Tena ndoana za pakiti mbili zisichanganywe, hata zikiwa za namba moja. Zikisha changanyika, hapana mtu awezaye kuzitenga kwa macho, na nzi wa dazeni moja watakuwa na sura mbili.

NDOANA GANI KWA NZI GANI

Kwa kifupi, haya ndiyo ya kushika:

Wadudu wenye mabawa kama tanga: namba 12 mpaka 16, waya mwembamba wa kiasi, shina la kawaida au refu kwa 1X, tao la mviringo.

Kumbikumbi: namba 10 au 12, shina la kawaida au refu kidogo. Kwa kuwa kiwiliwili chake ni kinene, mwanya na uwe mpana.

Panzi: namba 8 mpaka 12, shina refu kwa 2X, waya wenye nguvu zaidi, maana panzi mkubwa huitwa na samaki mkubwa.

Wadudu wadogo: namba 18 mpaka 22, mwanya mpana, tundu lililonyoka.

Mdudu anayetoka majini: ndoana yenye shina lililopinda, namba 10 mpaka 16.

Haya ni ya kuongoza tu. Ikiwa mnunuzi ametaja ndoana yake kwa jina na namba, fundi asibadili neno, hata akijua nyingine iliyo bora. Mnunuzi anayajua maji ya kwao na samaki wa kwao. Ndoana iliyoagizwa ikikosekana, ni afadhali kuuliza na kungoja jibu kuliko kufunga dazeni ishirini na kuzirudishiwa zote.

Mtu anayeanza kazi hii hana haja ya kununua ndoana za kila aina. Na anunue namba 12 na namba 14 za kampuni moja, zenye shina la kawaida na waya mwembamba wa kiasi, afunge nzi wa mwavuli juu ya hizo mpaka kila mmoja aweze kusimama katika beseni mara kumi kwa kumi. Atakapofika hapo, mkono wake utakuwa umejua uzito wa ndoana njema, na akipewa iliyo nene au ndefu kupita kiasi ataitambua kabla ya kuzungusha uzi.